Sura ya Sita: Kompyuta Isiyojua Tarehe

Barabara ya Mbarara kwenda Isingiro hupita Masha, na vijana wa Nakivale waliopata nafasi ya chuo huipita wakiingia mjini na begi la nguo na begi la kompyuta. Makazi wanayotoka ni ya siku nyingi. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Wanyarwanda waliokimbia machafuko walipopewa ardhi kando ya Ziwa Nakivale. Siku hizi Wakongo ndio wengi, nao wanaishi pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Kompyuta iliyo ndani ya begi nayo imesafiri. Mara nyingi ni Dell Latitude au ThinkPad iliyokaa miaka kadhaa katika ofisi fulani ya ng'ambo, ikauzwa kwa jumla, ikafika Kampala, ikapita mikononi mwa wanunuzi wawili watatu kabla ya kumfikia mwanafunzi huyu.

Siku ya kwanza chuoni, waifai inaonekana. Jina la mtandao limo kwenye orodha na alama za mawimbi zimejaa. Mwanafunzi anaandika jina lake la chuo na neno la siri alilopewa wakati wa kujiandikisha, anabofya, anasubiri. Kompyuta inazunguka, inazunguka, kisha inaandika kwamba imeshindwa kuunganisha. Haitaji sababu. Jirani yake mwenye simu mpya ameshaingia na anafungua barua pepe. Hukumu hutolewa papo hapo na yeyote aliye karibu: mashine yako imezeeka, tafuta nyingine.

Sura hii inaikataa hukumu hiyo. Kompyuta nyingi zinazogomewa na mtandao wa chuo zina nguvu ya kutosha kabisa kuandika insha, kusoma kitabu na kuhudhuria somo. Kilichopungua ni uwezo wa kuthibitisha zinazungumza na nani, na uwezo huo mara nyingi hurudishwa kwa betri ndogo ya saa, kifaa cha USB au mfumo endeshi wa bure. Asiyeelezwa hivyo huingia kwenye gharama ya kompyuta mpya ambayo hana, au huonyeshwa njia ya mkato ambayo itamgharimu zaidi.

Tusisahau kwa nini waifai ya chuo ina uzito wote huu. Uganda, bando la intaneti ni mzigo kwa mwanafunzi yeyote. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bei ya data yenyewe. Kwa mwanafunzi ambaye nyumbani wanahesabu posho ya mwezi, kupakua mihadhara kwa laini ya simu ni jambo lisilowezekana. Mtandao wa chuo ndio maktaba yake, na ndiyo njia yake ya kuwafikia wahadhiri nje ya saa za darasa. Mtu anayefungiwa nje ya mtandao huo amefungiwa nje ya sehemu ya masomo aliyokwisha kuyalipia.

Ili kujua kufuli linakataa nini, tuanze na historia yake, maana kila tabaka la kufuli liliacha kundi la kompyuta nyuma.

Kufuli la kwanza la waifai liliitwa WEP, nalo lilikuja na viwango vya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha udhaifu katika namna lilivyotumia ufunguo wake, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaonyesha kwamba ufunguo wake mrefu unaweza kupatikana kwa chini ya dakika moja. Katikati ya miaka hiyo lilikuja WPA mwaka 2003, likiwa kiraka cha kuokoa vifaa vilivyokuwapo, na mwaka 2004 WPA2 yenye usimbaji imara. Tangu Machi 2006 kila kifaa kilichotaka cheti rasmi cha waifai kililazimika kuiweza WPA2. Kwa hiyo kompyuta iliyotengenezwa baada ya hapo karibu daima ina kadi inayofaa. Iliyotangulia inaweza kuwa na kadi isiyoijua kabisa, na hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha. Ni kadi ndiyo ya kubadilisha.

Hayo yanahusu mawimbi. Kufuli la chuo lina tabaka la pili, na hapo ndipo wengi hukwama.

Nyumbani au dukani, watu wote hutumia neno moja la siri la waifai. Chuoni kila mtu ana lake. Utaratibu unaotumika sana duniani ni eduroam, uliotokana na wazo la Mholanzi Klaas Wierenga mwaka 2002, kwamba mwanafunzi wa chuo kimoja akifika chuo kingine aunganishwe kwa jina na neno lake la siri la nyumbani bila kuomba ruhusa upya. Leo uko katika nchi zaidi ya 100. Uganda unasimamiwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu ulioanzishwa mwaka 2006 na vyuo vyenyewe, na RENU imeusogeza hata nje ya kuta za vyuo, katika maeneo ya mijini ambako wanafunzi hukaa.

Chukua mwanafunzi wa Makerere aliyekuja kuwatembelea wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kile kilichoanzishwa mwaka 1989 kikianza na shule ya udaktari. Anafungua kompyuta. Mtambo wa waifai ulio ukutani haujui kama ni mwanafunzi kweli, na haujaribu kujua. Unapeleka ombi kwenye seva ya chuo cha Mbarara, ambayo hutazama sehemu ya jina inayofuata alama ya @, huona ni ya Makerere, na kulikabidhi ombi kwa seva ya RENU, nayo hulifikisha Makerere. Makerere ikijibu ndiyo, mtambo wa Mbarara unafungua mlango. Neno la siri halitakiwi kusomwa na yeyote kati ya hao walio njiani. Kwa sababu hiyo kompyuta ya mwanafunzi na seva ya chuo chake hujenga kwanza njia iliyofichwa kati yao, na neno la siri hupita humo ndani.

Lakini kabla ya kupitisha siri, kompyuta inapaswa kuhakikisha kwamba aliye upande wa pili ni chuo chake kweli. Seva hutoa cheti. Mtu wa Nakivale hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa ameishi na hati ya ukimbizi: karatasi inayosema wewe ni nani, yenye muhuri wa mamlaka inayotambulika, na tarehe ya kuanza na ya kwisha. Anayeipokea huangalia mambo matatu: jina, muhuri na tarehe. Kompyuta hufanya hivyo hivyo na cheti cha seva. Lazima jina liwe la chuo, lazima muhuri uwe wa mamlaka ambayo kompyuta inaifahamu, na lazima leo iwe kati ya zile tarehe mbili.

Kompyuta ya zamani inaweza kushindwa katika kila kimoja cha vitatu hivyo, lakini kinachosahaulika zaidi ni tarehe.

Ndani ya kila kompyuta kuna saa inayoendelea kutembea hata ikizimwa. Katika mashine nyingi inaendeshwa na betri bapa ya volti 3, kubwa kama sarafu, aina ya CR2032. Betri hiyo hutumika hasa pale kompyuta isipokuwa na umeme mwingine wowote. Ofisini, ambako mashine imechomekwa mchana kutwa, hudumu miaka. Sasa ipeleke mashine hiyo hiyo kwenye nyumba inayotegemea sola ndogo, na betri yake kubwa ikiwa imeshakufa, kama zilivyo betri za kompyuta nyingi za mitumba. Kila ikichomolewa, saa inabaki inaninginia kwa ile sarafu peke yake. Ikiwa imeshachoka, likizo moja ndefu inatosha kuimaliza. Mwanafunzi akirudi chuoni na kuiwasha, mashine inaamini kwamba ni tarehe ya miaka mingi nyuma, mara nyingi mwaka ilipotengenezwa ubao wake. Seva inaleta cheti kilichotolewa mwaka huu. Kwa hesabu ya kompyuta, cheti hicho hakijaanza kutumika. Inakataa, nayo ina haki.

Ikiwa na intaneti, kompyuta kwa kawaida hujirekebishia saa yenyewe. Hapa intaneti ndiyo iliyofungwa kwa sababu ya saa, kwa hiyo haiwezi kujinasua bila mkono wa mtu. Dawa ni kuweka tarehe sahihi kwa mkono, mwaka ukiwemo, kisha kujaribu tena. Fundi yeyote wa simu mjini Mbarara anaweza kubadilisha betri yenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani imekaa kwenye kikombe chake, na kwenye laptopu nyingi imefungwa kwa plastiki na waya mbili zenye plagi ndogo. Ningependa kila dawati la msaada wa kompyuta chuoni liulize saa kabla ya kuuliza neno la siri. Wanafunzi wengi hutumwa wabadilishe neno la siri mara kwa mara ilhali neno halikuwa na kasoro.

Muhuri nao huzeeka. Kompyuta huja na orodha ya mamlaka inazoziamini, na orodha hiyo huongezwa kwa masasisho. Mashine isiyosasishwa kwa miaka haizijui mamlaka mpya, na baadhi ya zile inazozijua zimekwisha muda. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana kilifikia mwisho wake, na vifaa vya zamani duniani kote vikaanza kukataa kurasa ambazo jana yake vilizifungua. Kwa mtandao wa chuo tiba ni nyepesi: kukipata cheti mama cha chuo kwa flashi kutoka ofisi ya teknolojia na kukiweka kwenye kompyuta. Kipokee kutoka ofisini, usikichukue kwa mtu wa mitaani.

Kisha kuna lugha ya hiyo njia iliyofichwa, iitwayo TLS. Toleo la 1.0 ni la mwaka 1999, toleo la 1.2 ni la 2008, na Machi 2021 shirika linaloweka viwango vya intaneti lilitangaza rasmi kwamba 1.0 na 1.1 zisitumike tena. Vyuo vilivyofuata ushauri huo vilifunga milango ya matoleo ya zamani, na kwa haki. Hapa ndipo Windows XP inapofia. Iliweza WPA2 kwa sasisho la mwaka 2005, lakini Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014 bila kuipa TLS 1.2. Windows 7 ina hadithi nyingine, na ni hadithi ya matumaini: inapounganisha waifai ya aina hii hutumia 1.0 isipoambiwa vinginevyo, ila Oktoba 2014 Microsoft walitoa sasisho linaloiwezesha kutumia 1.2, na baada ya kulisakinisha inabidi kuongeza mpangilio mmoja kwa mkono. Pia haijui njia ya TTLS ambayo vyuo vingine huitumia. Windows ya kwanza kuijua bila programu ya nyongeza ni Windows 8. Kwa hiyo mtu mwenye Windows 7 anapoambiwa kwamba haiwezekani, aulize kwanza chuo kinatumia njia gani.

Niongeze jambo ambalo wenye vyuo hawapendi kulisikia. Aprili 2022, Ubuntu 22.04 ilipotoka, wanafunzi wenye mfumo mpya kabisa, waliosasisha kila kitu, walijikuta wamekataliwa na mitandao ya vyuo vyao katika nchi mbalimbali. Maktaba mpya ya usimbaji waliyokuwa nayo ilikataa kuzungumza lugha za zamani, na seva za vyuo hivyo hazikujua nyingine. Uzee haukuwa mezani kwa mwanafunzi, ulikuwa kwenye chumba cha seva.

Vizuizi vingine ni vya mawimbi tu. Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Mtandao wa jengo ambalo mitambo yake imewekwa kurusha gigahezi 5 tu hautaonekana kabisa kwenye orodha, hata ukikaa chini ya mtambo. Mitandao inayodai WPA3 pekee, kiwango cha mwaka 2018, nayo huziacha nje kadi nyingi. Dalili ni rahisi kuitofautisha: jina lisipoonekana, shida ni kadi, na jina likionekana kisha ukakataliwa, wakati mtandao haudai WPA3 pekee, rudi kwenye saa, cheti na TLS.

Sasa njia ya mkato. Mipangilio mingi ya waifai ya chuo ina mahali pa kuchagua kama cheti cha seva kikaguliwe au kisikaguliwe. Ukiondoa alama ya ukaguzi, kompyuta iliyogomea cheti asubuhi nzima inaingia kwa sekunde mbili. Ndiyo maana ushauri huu umeenea barazani, hosteli na hata kwa baadhi ya wanaolipwa kusaidia. "Toa hiyo tiki, kaka, utaingia." Na kweli anaingia.

Alichokiacha ni hiki. Jina la mtandao si mali ya mtu. Kifaa chochote kinaweza kurusha mawimbi yenye jina la eduroam, kwenye mgahawa, kwenye kituo cha matatu, nje ya geti. Kompyuta isiyokagua cheti itajaribu kujiunga yenyewe, bila mwenyewe kujua, na kumpa mwenye kifaa hicho jibu lililojengwa juu ya neno la siri. Mara nyingi jibu hilo hutengenezwa kwa utaratibu uitwao MSCHAPv2, na mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walithibitisha kwamba mwenye kulinasa, akiwa na mashine maalumu, anaweza kulifungua ndani ya siku moja, hata neno la siri liwe refu kiasi gani. Usalama wake wote ulikuwa kwenye ule ukaguzi uliozimwa.

Na neno hilo halifungui waifai peke yake. Katika vyuo vingi ndilo linalofungua barua pepe ya chuo, matokeo ya mitihani na usajili wa masomo. Fikiri basi lina maana gani kwa mwanafunzi mkimbizi. Ufadhili wa DAFI, unaosomesha wakimbizi katika vyuo vikuu tangu mwaka 1992, na mingineyo ya namna hiyo, huendeshwa kwa barua pepe. Nakala za vyeti vya shule vilivyookolewa kutoka Goma au Bukavu zimehifadhiwa humo. Mtu aliyepoteza karatasi zake mara moja katika maisha, na akalazimika kuanza upya kuthibitisha yeye ni nani, hastahili kupokonywa nakala zilizobaki kwa sababu mtu alitaka kumaliza foleni haraka. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa ushauri wa kuondoa ukaguzi hautolewi kwa wenye kompyuta mpya. Wao hawauhitaji. Hutolewa kwa wale wenye kidogo, ambao hasara itawaumiza zaidi.

Kuna njia za haki, na zinawezekana Mbarara.

Kwa kadi iliyozeeka, kipo kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, kinachosikia masafa yote mawili. Hakikisha tu kwamba mfumo wako una programu ya kukiendesha kabla ya kulipa.

Kwa mfumo uliokufa, Linux. Programu inayounganisha waifai katika Linux nyingi, wpa_supplicant, ilianzishwa na Jouni Malinen wa Finland, na hiyo hiyo ndiyo iliyo ndani ya simu za Android. Inajua njia za PEAP na TTLS pamoja na TLS mpya, hata juu ya kompyuta ambayo Windows yake haijui baadhi ya hivyo. Zamani kikwazo kilikuwa kwamba kadi nyingi zilihitaji faili za ziada ambazo zilipatikana kwa intaneti, yaani kitu kile kile ulichokosa. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, faili nyingi za aina hiyo zimo ndani ya diski ya kusakinishia. Mwenye mashine ya biti 32 aikimbilie hiyo ya 12, kwa sababu Debian 13 ya Agosti 2025 haisakinishwi tena juu ya mashine za biti 32. eduroam nayo hutoa faili dogo la kuendesha kwenye Linux, ambalo hupanga kila kitu kwa ajili ya chuo chako, ukaguzi wa cheti ukiwemo. Lipakue kwa simu, lihamishe kwa waya.

Na waya huohuo ni njia ya tatu. Simu nyingi za Android zikiwa zimeingia kwenye waifai zinaweza kuipitisha intaneti hiyo kwa kompyuta kupitia USB. Simu hukagua cheti, kompyuta hupokea tu. Uliza kwanza kanuni za chuo chako zinasemaje kuhusu kugawa muunganisho, ingawa hapa unajigawia mwenyewe. Lakini usiiunganishe hivyo mashine yenye Windows XP ukadhani umemaliza: tovuti nyingi za leo zitaikataa kwa sababu ile ile ya TLS.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kuacha gigahezi 2.4 wazi maktaba hakugharimu kitu. Vivyo hivyo kubandika ukutani jina kamili la seva na la mamlaka iliyoitilia muhuri, ili mtu aweze kulinganisha anachoonyeshwa na kilicho kweli. Meza yenye waya wa mtandao kwa wenye kadi zilizoshindwa kabisa ni gharama ndogo kuliko mwanafunzi kuacha masomo.

Mashine nyingine ziko njiani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaziuza, na zitafika Kampala, kisha Mbarara, kisha Nakivale. Nyingi zina kadi ya masafa mawili na zinaiweza TLS 1.2, na juu ya Linux zitaingia mtandao wa chuo kwa miaka mingi bado. Atakayenunua mojawapo aizime, achomoe chaja na betri kubwa kama inatoka, anywe chai, kisha airudishie umeme na kutazama tarehe kwenye kioo kabla haijaunganishwa popote. Ikionyesha mwaka uliokwisha pita, muuzaji aweke betri ya saa kabla hajapokea fedha.